Jina la neno moja nililolishika tangu 2006: linafaa dola ngapi?

*"Mwaka 2006 nilikuwa nalinda mashine katika duka la intaneti, komuni ya Kenya, hapa Lubumbashi. Shemeji yangu, mume wa dada, anaishi Ubelgiji. Alinisaidia kuandikisha jina la kikoa, yaani anwani ya tovuti, kwa kadi yake ya benki: neno moja tu la Kiswahili, herufi tano, lenye mkia wa .com. Nilitaka kufungua tovuti ya habari, haikuwezekana. Tangu hapo shemeji analipia kila mwaka, nami namrudishia pesa akija likizo. Mwezi uliopita mtu aliniandikia, kwenye anwani niliyoiacha katika ule ukurasa mtupu, kwamba analinunua kwa dola 400. Nikaliingiza jina katika mashine moja ya kukadiria bei, ikasema dola 38,000. Nyingine ikasema 1,150. Wiki hii akatokea mwingine: yeye anatoa dola 22,000 papo hapo, ila anataka kwanza nipate cheti cha tathmini kutoka kampuni anayoiamini, kwa dola 90. Mke wangu anasema tuuze tumalizie nyumba. Rafiki zangu wanasema maneno ya namna hii huuzwa mamilioni, nisubiri. Jina ni la zamani, si ndiyo linapanda bei? Kwa kweli linafaa dola ngapi, na pesa zitanifikiaje hapa?"*

Ndugu yangu, swali lako nimeliacha karibu kama ulivyoliandika, isipokuwa neno lenyewe. Hilo nimeliondoa kwa makusudi. Jina ambalo bado halijajulikana liko mikononi mwa nani halitangazwi hadharani, na utaona hapa chini kwamba jambo hilo nitalikalia zaidi kuliko bei.

Una namba nne: 400, 1,150, 22,000 na 38,000. Naelewa kinachokunyima usingizi. Mtu akipewa bei nne zilizopishana hivyo juu ya kitu kimoja, anahisi kuna anayetaka kumwibia, ila hajui ni nani. Kati ya hao wanne, mwongo ni mmoja tu. Watatu waliobaki wanapima vitu tofauti na kuviita kwa jina moja, bei.

Mwongo ni yule wa 22,000. Mchezo wake nimeuona tangu nianze kazi hii ya kushauri watu juu ya majina ya intaneti, na haujabadilika ila bei ya cheti. Anakutajia kiasi cha kukufurahisha. Akishaona umeanza kupiga hesabu ya mabati na saruji, analeta sharti dogo: cheti cha tathmini. Anakuelekeza kwa kampuni "anayoiamini", na kampuni hiyo ni yeye mwenyewe, au mwenzake wa chumba kimoja. Ukilipa 90 unapata karatasi nzuri yenye muhuri. Baadaye mnunuzi anapotea, au anagundua kwamba panahitajika cheti cha pili. Mnunuzi wa kweli hana haja na cheti kinacholipiwa na muuzaji, kwa kuwa pesa ni zake na anayejua thamani ya jina kwake ni yeye. Unawajua wale makomisioneri wa nyumba hapa mjini, wanaodai pesa za kukutembeza kabla hujaona hata mlango? Huyu ni binamu yao, ila kwake hata nyumba haipo. Usimjibu, hata kwa kumtukana, maana jibu lolote linamwambia kwamba anwani hiyo ina mtu.

Sasa tuje kwenye lile ambalo hukuliuliza. Shemeji alifungua akaunti, kwa barua pepe yake, akalipa kwa kadi yake. Je, jina ni la nani? Wewe ndiye uliyelifikiria, tena umerudisha pesa zote. Lakini mtandaoni mwenye jina ni yule aliyeandikwa kuwa mwenye usajili kwenye kumbukumbu za msajili, na anayeliendesha ni yule mwenye nenosiri la akaunti. Kwako huenda hao wawili ni mtu mmoja, na si wewe.

Nikueleze mfumo ulivyo, kwa sababu ukiuelewa huu mengine yote yatakaa sawa. Rejesta kuu ya majina yote ya .com inatunzwa na kampuni moja ya Marekani, Verisign. Wewe na mimi haituuzii moja kwa moja. Tunanunua kwa wasajili, yaani maduka yaliyoidhinishwa na ICANN, shirika linalosimamia majina ya intaneti duniani. Msajili anailipa Verisign ada ya mwaka kwa kila jina (Septemba 2024 ilipanda hadi dola 10.26), anaongeza faida yake, nawe unamlipa yeye. Unachopata ni haki ya kulitumia jina kwa mwaka mmoja hadi kumi. Zaidi ya kumi kwa mkupuo hairuhusiwi, na hati ya kudumu haipo. Wengi hufananisha jina la kikoa na kiwanja. Mimi naona linafanana zaidi na meza ya sokoni: ni yako ukilipa ushuru, na ukikosa kulipa anakaa mwingine, wala hakuna atakayekuuliza umeuza hapo miaka mingapi.

Ndiyo maana kwanza kabisa, kabla ya dola yoyote, mpigie shemeji. Usimtumie ujumbe wa maandishi wenye harufu ya madai, mpigie. Msalimie, mshukuru kwa miaka yote hiyo ambayo hakusahau kulipia, kisha mwambie ukweli kwamba wanunuzi wameanza kubisha hodi. Ikiwezekana dada awepo kwenye simu hiyo. Mimi ningemtengea sehemu yake, tuseme ya kumi, kabla hajaomba, kwa sababu bila yeye jina lingekuwa la mtu mwingine tangu zamani. Halafu mwombe akuonyeshe picha ya ukurasa wa akaunti unaoonyesha mambo matatu: jina la mwenye usajili, barua pepe iliyoandikwa pale, na tarehe jina linapokwisha. Ukitaka kuangalia mwenyewe, kifaa cha utafutaji cha ICANN kitakupa msajili na tarehe, lakini jina la mwenye usajili huenda usilione. Tangu Mei 2018, sheria ya Ulaya ya kulinda taarifa za watu ilipoanza kutumika, wasajili wengi huyaficha majina hayo.

Hiyo barua pepe iangalie kwa macho mawili. Niliwahi kumsaidia mama mmoja wa Bukavu ambaye marehemu mumewe alikuwa na jina zuri la biashara. Anwani iliyosajiliwa ilikuwa ya kampuni ya intaneti iliyokwisha kufungwa. Kila tulipoomba nenosiri jipya, lilitumwa kwenye sanduku ambalo halipo duniani. Ilituchukua miezi mingi ya vyeti na nakala za vitambulisho.

Mkishaelewana, fungua akaunti yako mwenyewe kwa msajili yuleyule wa shemeji, kwa barua pepe yako na uthibitisho wa hatua mbili (nenosiri pamoja na msimbo wa simu), kisha yeye alisukume jina kutoka akaunti yake kuja kwako. Ndani ya duka moja kazi hiyo huisha upesi, aghalabu siku hiyohiyo. Kulihamishia kwa msajili mwingine kuna mzunguko zaidi: analifungua kufuli, anakupa msimbo wa kuhamisha, mnasubiri siku kama tano. Tena wasajili wengi hulifunga jina lisihame kwa siku 60 baada ya kubadilisha mwenye usajili au kuhama. Ndiyo sababu nakuhimiza uanze sasa, siyo siku ambayo mnunuzi ameshaweka pesa mezani na jina limegandishwa miezi miwili.

Pamoja na hayo, andikeni karatasi moja ya makubaliano, mtie sahihi nyote wawili: kwamba jina liliandikishwa 2006 kwa niaba yako, kwamba shemeji alikuwa analishika tu, na kwamba ulimrejeshea malipo. Ambatanisha risiti zozote zilizobaki. Faida ya karatasi hiyo itaonekana tukifika kwenye sheria.

Tukirudi kwenye swali lako la umri: miaka peke yake haipandishi bei. Jina si divai. Likiwa neno baya lililoandikishwa 1998, leo ni neno baya lenye miaka mingi. Umri unaonyesha tu kwamba mtu mmoja aliwahi mapema, wakati maneno mazuri yalikuwa bado yako wazi, na hilo ndilo watu wanalolichanganya na thamani. Tena tarehe ya kuzaliwa ya jina hudumu tu kama jina halijawahi kuachwa. Ukichelewa kulipa, msajili anaweza kukuvumilia hadi siku 45 hivi, ingawa wengine huanza kulipiga mnada kabla hazijaisha. Likishafutwa na msajili, hukaa siku 30 ambazo unaweza kulikomboa kwa faini kubwa, kisha siku 5 ambazo hakuna awezaye kuligusa, halafu linaanguka sokoni. Kwa neno la herufi tano, kuna programu zitakazolidaka ndani ya sekunde moja, na atakayelipata ataanza na tarehe mpya. Kuhusu kudumu, sisi Wakongo tungepaswa kuwa walimu wa dunia. Nchi ilipobadilika jina 1997 tukapewa mkia wa .cd, na ule wa .zr, wa Zaire, ukafutwa kabisa 2001. Si neno tu lililokufa, ni mkia mzima.

Basi bei inatoka wapi? Umewahi kuwaona wauzaji wa malakiti, yale mawe ya kijani ya kuchonga. Mchongaji akimwuzia mchuuzi mwenzake sanduku la mawe, anapata bei ya kumwezesha mchuuzi naye apate. Jiwe lilelile likikutana na mgeni ambaye ndege yake inaondoka jioni na mkewe amelipenda, bei ni nyingine kabisa, na mchuuzi hakudanganya mtu. Majina yana bei hizo mbili. Ipo bei ya mfanyabiashara, anayenunua akiwa na majina mia nyumbani na hajui lako litauzwa lini. Wenye kazi hiyo huhesabu kwamba kati ya majina mia, huuzwa moja au mawili kwa mwaka, kwa hiyo ni lazima anunue rahisi sana. Ipo pia bei ya mtumiaji, yaani kampuni ambayo hilo neno ndilo jina lake, tayari limeandikwa kwenye magari yake, na wateja wake kila siku huandika .com wakaangukia ukurasa wako mtupu. Yule wa 400 anazungumza bei ya kwanza, au ni dalali wa mtu wa bei ya pili anayejaribu bahati yake. Kwa barua moja huwezi kujua.

Mashine zako mbili nazo hazikudanganya, zilikisia. Hulinganisha jina na mauzo yaliyotangazwa, urefu wa neno, mara ngapi linatafutwa, na watangazaji wanalipa kiasi gani kwa neno hilo. Kwa Kiingereza zina chakula cha kutosha. Kwa Kiswahili zina njaa, kwa kuwa mauzo yaliyotangazwa ni machache. Mashine moja inaliona neno lako kama herufi tano zinazotamkika, ambazo ni adimu, inapaza bei. Nyingine inaona hakuna anayelitangazia biashara, inashusha. Wala moja haijui kama hilo neno kwetu ni la sokoni, la msibani au ni tusi la watoto. Wewe unajua.

Na mamilioni ya rafiki zako? Yapo, si hadithi. Mwaka 2019 voice.com iliuzwa kwa dola milioni 30. Lakini tazama pande mbili za meza hiyo. Mnunuzi, Block.one, alikuwa ametoka kukusanya mabilioni ya dola kwa watu walionunua sarafu zake za kidijitali, na alikuwa anaanzisha mtandao wa kijamii wenye jina hilohilo. Muuzaji, MicroStrategy, alikuwa kampuni kubwa isiyo na haraka na pesa ya mtu. Neno lenyewe ni la Kiingereza, linaeleweka Tokyo hata Lagos. Vivyo hivyo chat.com: mwaka 2023 ilinunuliwa kwa dola milioni 15.5, na mwaka uliofuata ikawa mikononi mwa OpenAI. Mauzo ya namna hii hujulikana kwa sababu ni machache. Kuyatumia kupima jina lako ni sawa na kupima mshahara wako kwa ule wa mchezaji mpira wa Ulaya.

Hata hivyo, sitaki ulidharau neno lako. Kiswahili kina kitu ambacho watafuta majina wanakipenda: karibu kila silabi inaisha kwa irabu. Mjapani analitamka, Mtaliano analitamka, Mbrazili analitamka, na hakuna herufi iliyojificha. Apple waliita kivinjari chao Safari. Mchezo wa vijiti vya mbao, Jenga, uliotolewa Uingereza 1983, ulipewa jina na mwanamke aliyekulia Afrika Mashariki, na leo unachezwa na mamilioni ya watu wasiojua kwamba wanaamrishwa kujenga. Wakenya walipounda programu ya kukusanya taarifa za ghasia za 2008, waliiita Ushahidi, neno moja tu. Huko ndiko aliko mnunuzi wako anayeelekea zaidi: Kenya, ile ya Nairobi, siyo hii ya kwetu ya komuni, au Dar es Salaam, au kijana wa Kigali au wa diaspora anayeanzisha huduma ya pesa, chakula au usafiri. Kongo imeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki 2022, na UNESCO inasema wanaozungumza Kiswahili wamepita milioni 200. Lakini wasemaji si wanunuzi. Kampuni changa ya Nairobi ina bajeti ya kampuni changa, na ikiona bei ya juu itaongeza neno "africa" nyuma ya jina lake au ichukue mkia wa .co.ke, maisha yaendelee. Huo ndio mpaka wa juu wa bei yako, gharama ya mnunuzi kukwepa.

Kwa hiyo fanya uchunguzi wa jioni mbili, ambao hakuna mashine itakufanyia. Andika neno lako ukitafuta kampuni, programu za simu na mashirika yanayolitumia. Angalia lina nani kwenye mikia mingine. Wale wenye majina marefu kuliko walivyotaka, waliobandika kiambishi mbele au nyuma ya neno lako, ndio orodha yako. Ukipata watatu wanaofanya kazi kweli, wenye wafanyakazi na wateja, una mali. Usipompata hata mmoja, una neno zuri linalosubiri. Kisha ingia NameBio, mahali panapohifadhiwa bei za mauzo yaliyotangazwa, utafute maneno ya Kiswahili na ya lugha nyingine zenye ukubwa kama wetu, yenye mkia wa .com. Usilinganishe na Kiingereza.

Umeniuliza dola ngapi, sitakukimbia. Neno lako nimeliangalia. Ni la kawaida, la furaha kidogo, halina maana mbaya ninayoijua, na nimeona kampuni mbili ndogo zinazolitumia. Kwa maoni yangu, mfanyabiashara wa majina angelipa kati ya dola 800 na 2,000. Mtumiaji wa kweli angeweza kufika 6,000 hadi 15,000, na siku ya bahati zaidi ya hapo. Ila simwoni kila mwezi, wala siwezi kukuahidi kwamba atakuja ndani ya miaka mitano. Mtu mwingine mwenye kazi kama yangu angekupa namba nyingine, na asingekuwa mjinga.

Uuze sasa au usubiri? Kulishika kunakugharimu pungufu ya dola 20 kwa mwaka, kwa hiyo muda hauko dhidi yako, labda haja ya nyumba ndiyo iliyo dhidi yako. Ningekuwa wewe, nisingeuza kwa bei ya mchuuzi isipokuwa kuna mgonjwa au karo. Ningeweka ukurasa unaosema waziwazi kwamba jina linauzwa, nikaliorodhesha kwenye masoko makubwa kama Sedo au Afternic ili mtu anayelitafuta kwa msajili wake alikute, nikaandika bei ya kununua papo hapo, tuseme 12,900, na nafasi ya kutoa ofa. Masoko hayo hukata kamisheni, mara nyingi kati ya asilimia 10 na 25, soma masharti kabla. Dalali wa kukutafutia mnunuzi kwa bidii ana maana kwa majina ya bei kubwa. Kwa lako atakwambia ndiyo kisha atalisahau. Ipo pia njia ya kulipwa kwa awamu, mnunuzi akilitumia huku analipa kila mwezi na jina likishikiliwa na soko mpaka amalize. Kwa kampuni changa njia hii naipenda, kwa sababu mtu asiye na 9,000 leo anaweza kuwa na 300 kila mwezi.

Kitu kimoja usifanye: usiziandikie zile kampuni mbili barua ya kusema "nimewahifadhia jina lenu". Hapa ndipo sheria inapoingia. Tangu 1999 ICANN ina utaratibu unaomruhusu mwenye alama ya biashara kudai jina la kikoa bila kwenda mahakamani. Kesi husikilizwa kwa maandishi, na kwa WIPO, shirika la Geneva, mlalamikaji hulipa dola 1,500 kwa mwamuzi mmoja. Anatakiwa kuthibitisha mambo matatu: kwamba jina linafanana na alama yake, kwamba wewe huna haki wala sababu halali ya kuwa nalo, na kwamba uliliandikisha na kulitumia kwa nia mbaya. Neno la kawaida la lugha halimilikiwi na mtu kwa maana yake ya kawaida. Apple haiwezi kumzuia mwenye mabasi kusema safari. Lakini ukiweka matangazo yanayovuta wateja wa kampuni fulani, au ukiandika barua inayoonyesha kwamba ulikuwa unaivizia, umempa ushahidi wake wa tatu.

Na hapa ndipo umri wa jina lako, ambao nimesema haupandishi bei, unapokulinda. Kampuni iliyozaliwa 2015 kwa kawaida haiwezi kudai kwamba 2006 ulikuwa unaifikiria. Tatizo ni kwamba waamuzi huhesabu tangu siku mwenye jina wa sasa alipolipata. Jina likitoka kwa shemeji kuja kwako mwaka huu, mtu anaweza kusema wewe umelipata juzi. Ile karatasi yenu ndiyo itakayoonyesha kwamba mnyororo haukukatika, kwamba ni mali ileile ya nyumba ileile. Iwe na tarehe, na nakala zibaki pande zote mbili.

Kuhusu pesa kukufikia, usitume jina kwa mtu aliyeahidi kulipa, wala usikubali malipo ya kadi, ambayo yanaweza kurudishwa baada ya jina kuondoka. Tumieni kampuni ya kushikilia amana. Escrow.com iko kazini tangu 1999, na masoko makubwa yana ya kwao. Mnunuzi anaweka pesa kwa mshika amana, mshika amana anakujulisha wewe kwamba zimefika, unahamisha jina, mnunuzi anathibitisha, ndipo unalipwa. Hatari iko hapa: matapeli hutengeneza tovuti inayofanana na ya mshika amana na kukutumia kiungo. Andika anwani mwenyewe, ingia kwenye akaunti yako, uone pesa humo ndani. Barua pepe ya "pesa zimefika" peke yake si kitu. Kabla hata ya kukubali bei, waulize wanalipa benki ya Kongo kwa njia gani na wanataka vitambulisho gani. Kisha nenda benki yako, ana kwa ana, na uulize wanahitaji nini kupokea uhamisho wa dola kutoka nje. Watataka kujua pesa zinatoka wapi, na "nimeuza neno" ni jibu litakalomshangaza karani. Nenda na rasimu ya mkataba wa mauzo. Jina lako kwenye akaunti ya benki, kwenye kitambulisho na kwenye mkataba liwe sawa herufi kwa herufi. Kulipitisha fungu kwenye akaunti ya shemeji kunaonekana rahisi, lakini huko Ubelgiji ataonekana ni yeye aliyepata mapato, ataulizwa yeye. Na siku ya kuchukua noti, zikague palepale dirishani, unazijua dola za mji huu: ikiwa na mpasuko kama wa wembe hakuna anayeipokea.

Yapo mambo ambayo jibu langu la maandishi halitoshi. Shemeji akikataa, au mkigundua kwamba akaunti ina jina la mtu wa tatu, ongeeni kwanza kama familia, na ikishindikana mtafute wakili. Ukipokea barua ya wakili wa kampuni yoyote, au taarifa kwamba kesi imefunguliwa, usijibu kwa hasira usiku huo. Muda wa kujibu ni siku 20 tu, mpelekee wakili kesho yake. Na mauzo yakipita dola 10,000, lipa saa moja ya wakili na ya mhasibu wa hapa Lubumbashi wakusomee mkataba na wakwambie unadaiwa kodi gani. Saa hiyo ni rahisi kuliko chochote utakachopoteza.

Amebaki yule wa 400. Yeye mjibu, ila baada ya jina kuwa kwenye akaunti yako, hata ikichukua wiki tatu. Mwenye haja ya kweli atakuwa bado yupo. Mwandikie mistari miwili: "Asante kwa kuuliza. Jina ninalo tangu 2006, na ofa hiyo siwezi kuikubali. Ukiniambia unalinunua kwa ajili ya kampuni gani, nitakutajia bei." Usimtajie namba katika barua ya kwanza, wala usimwambie habari ya nyumba. Akirudi na 700, ni mchuuzi. Akirudi na 2,500 na jina la kampuni, niandikie kabla hujajibu.